Kindi na Jiwe la Chemchemi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na chuo chao cha ufundi, Kindi alipata nafasi ya kusoma. Mama yake alikaanga karanga na kuziuza sokoni ili mwanawe asikose ada.

Darasani Kindi aliketi kati ya Kiboko na Nyati. Lo! Yalionekana masikio yake tu.

Kengele ikilia, Kiboko mbio matopeni, chubwi! Nyati naye usingizini, kroo, kroo! Kindi alibaki karakanani na Mwalimu Nungunungu.

"Mwalimu, hiki kinafanyaje kazi?"

"Hivi."

"Na hiki je?"

"Ee Kindi! Sijala tangu asubuhi!" Lakini alimwonyesha.

Likizo ikifika, Kindi alijitolea kwa mafundi wa mji, akiwasafishia vifaa huku akitazama wanavyofanya.

"Unajisumbua bure," Kiboko alimcheka. "Kwenye kazi wanatazama misuli!"

Wakamaliza chuo. Punde si punde, mvua kubwa ikaporomosha jiwe kubwa kutoka mlimani, gubu! Likaziba chemchemi ya mji. Ndoo zikakauka, watoto wakalia kiu. Bibi Twiga, mkuu wa mji, akatangaza: "Atakayefungua maji, huyo ndiye fundi mkuu wetu!"

Kiboko akasukuma. Mmmh! Jiwe kimya. Nyati akalipiga kichwa. Pu! Akaona nyota mchana.

Kindi akaja, akapenyeza ncha ya gogo refu chini ya jiwe. Karibu na jiwe hilo akaweka jiwe dogo la kuegemeza gogo. Ncha ya pili ikabaki juu hewani. Akairukia. Wapi! Gogo halikutikisika.

"Ha ha ha! Shuka, usije ukaanguka!" Nyati akacheka.

Kindi alijua amekosa uzito tu. Lakini akiomba msaada, nani atamsaidia, na kila mmoja anaitaka kazi? Akakuna kichwa, kisha akaguna kwa huruma.

"Kaka Kiboko, pole. Umekonda sana."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Hata ukikalia gogo hili, halishuki."

"Halishuki? Sogea huko!"

Kiboko akajitupa juu ya gogo. PUU! Ncha ikashuka, jiwe likanyanyuka, likabingirika bondeni, gudu, gudu, gudu! Maji yakaruka, bwaaa! Watoto wakapiga vigelegele.

"Nimekonda?" Kiboko akauliza kwa fahari.

"Hata kidogo, kaka!"

"Ametudanganya!" Nyati akafoka. "Aliyeinua jiwe ni Kiboko!"

"Ni kweli," Kindi akasema. "Asante, kaka Kiboko. Bila wewe tungekufa na kiu."

Bibi Twiga akacheka mpaka shingo ikayumba. "Na gogo nani aliliweka? Kazi ni yako, Kindi."

Kindi hakungoja kupongezwa. Alichota maji ya kwanza, akakimbia nayo mpaka kwa Mwalimu Nungunungu, akapiga magoti.

"Shikamoo, mwalimu. Nimepata kazi. Nimekuja kusema asante."

"Marahaba, mwanangu. Lakini niliwafundisha wote watatu."

"Ndiyo, mwalimu. Ila mimi ulinifundisha hata baada ya kengele."

Nungunungu akanywa yale maji polepole, machozi yakimlengalenga.

Basi wanangu, ukipata bahati ya kusoma, itumie yote na umshukuru aliyekufundisha, ili kazi ikija ikukute uko tayari.