Alichelewa Kulia

"Hii si kumbukumbu, mama. Hii ni ripoti ya zamu!"

"Na ripoti zangu hazikuwahi kurudishwa na mtu. Miaka thelathini na minne!"

Mkunga mstaafu alisimama mlangoni mwa sebule yake, mikono kiunoni. Bintiye, mtunzi wa michezo ya redio, aliketi mezani na mswada wa kitabu cha maisha ya mama yake, kalamu nyekundu mkononi. Mswada ulitakiwa kwa mchapishaji saa kumi jioni. Saa ilikuwa saba na nusu, na wawili hao walikuwa wakibishana tangu chai ya asubuhi, kila mwamba ngoma akivutia kwake.

"Sikiliza mwenyewe," binti alisema, akasoma. "'Mjamzito alipokelewa saa mbili asubuhi. Alijifungua saa tano. Mama na mtoto wanaendelea vizuri.' Sentensi hiyo ya mwisho iko humu mara kumi na tisa."

"Kwa sababu mara kumi na tisa waliendelea vizuri!"

"Mama, hadithi ina ufundi wake. Anzia mahali penye joto. Watu waseme kwa vinywa vyao. Msomaji asijue kama mtoto atalia mpaka alie."

"Nitie na radi, basi."

"Siku hiyo kulikuwa na radi?"

"Kulikuwa na jua. Nilikuwa nimeanika mashuka."

"Basi andika mashuka. Azima ufundi wetu sisi watunzi, uongo wetu tuachie wenyewe."

Mkunga alitaka kucheka, akajizuia. Hakuwa mtu wa kushindwa na mtoto aliyemfundisha mwenyewe kushika kalamu.

"Ila sura ya saba umeiandika vizuri," binti aliendelea, sauti ikapungua. "'Mtoto hakulia. Muuguzi mmoja alimsugua mgongo, akamsafisha pua na mdomo, akampulizia pumzi. Alimwekea sikio kifuani, akasikia mapigo ya moyo wake mwenyewe tu. Alimfunika uso kwa taulo la kijani lililotoboka pembeni. Akamgeukia mzazi, akasema, pole. Ndipo taulo likapiga chafya.'"

"Hiyo nayo ina kosa gani?"

"Haina. Nywele zimenisimama. Lakini huyu muuguzi mmoja ni nani?"

"Mwenzangu wa zamani. Alihamishwa."

"Na wewe ulijuaje kwamba alisikia moyo wake mwenyewe?"

Mkunga alianza kukunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

"Katika kazi yangu hilo ndilo kosa la kwanza tunalokatazwa," binti alisema. "Msimulizi haingii kifua cha mtu mwingine. Hiki kifua ni chako, mama."

Mama aliketi, amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Kisha akasema yote. Katika ripoti ya siku ile aliandika: *Mtoto alichelewa kulia. Mama na mtoto wanaendelea vizuri.* Maneno mawili, alichelewa kulia, aliyatandaza juu ya jambo lile kama shuka, akalilalia miaka ishirini na sita.

"Mzazi alikuwa nani?"

"Mshonaji."

Binti aliduwaa. Mshonaji wa nyumba ya pili! Yeye ndiye aliyemshonea sare zote za shule, na ndiye rafiki pekee ambaye mama yake hakuwahi kugombana naye. Na yule mtoto sasa alikuwa mwalimu wa kwaya, mwenye sauti ya kusikika mitaa mitatu.

"Nitamwambiaje kwamba nilimfunika mwanawe akiwa hai? Ataniona muuaji. Bora niitoe sura hii."

"Itoe. Ila unakumbuka ulichokuwa ukiwaambia wajawazito waliokuonea haya, wakang'ang'ania shuka?"

"Usinirudishie methali zangu!"

Hata hivyo alivaa miwani, akanyang'anya kalamu. Alifuta *muuguzi mmoja*. Kisha akaanza kuondoa *a* moja moja na kutia *ni* mahali pake. Alimsugua ikawa nilimsugua. Alimfunika ikawa nilimfunika. Vilikuwa vijisilabi tu, lakini kila kimoja kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Alipomaliza, alichukua karatasi zile na kutoka bila hata kubadilisha kandambili.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, pini tatu mdomoni. Mkunga hakusalimu. Alisoma akiwa wima, kwa sauti ile ya kukabidhi zamu. Kwenye neno *nilimfunika*, cherehani ilinyamaza.

Mshonaji alitoa pini, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kifuko chake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umeruka kitu, Mkunga."

"Nini?"

"Ulilia. Alipopiga chafya ulianguka kwa magoti, ukalia kuliko yeye. Mimi nilikuwa macho. Nilikuona ukimfunika, na nilikuona ukimfunua. Mtu aliyemlilia mwanangu hivyo, nimwache aende wapi? Nikamfanya ndugu."

"Miaka yote hiyo hukusema!"

"Nilikuona unalificha, nikadhani unaona haya. Nami nikakusitiri." Mshonaji alipangusa macho kwa pindo la gauni la mteja. "Halafu taulo lilikuwa la bluu."

"La kijani!"

"Mwenye kujua rangi hapa ni mkunga au mshonaji?"

Mkunga alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na kicheko kikatoka na pumzi aliyoibana tangu siku ile ya taulo. Aliinama palepale juu ya meza ya kukatia. Alifuta kijani, akaandika *bluu*. Akaongeza: *Nilipiga magoti, nikalia.* Kisha akaandika mstari wa mwisho wa sura: *Mama, mtoto na mkunga wanaendelea vizuri.*

Saa kumi kasoro dakika tano, bahasha ilikuwa juu ya meza ya mchapishaji, na aliyeipeleka alikuwa Mkunga mwenyewe, na kandambili zake. Aliwaambia wanawake wengi neno lile kabla halijamfika yeye: mficha uchi hazai.