Kinu cha Zimwi

Mpo? Kama mpo, sogeeni, na anayesinzia afinywe.

Kulikuwa na nchi iliyojivunia kwamba wazee wake wa kale waliliua zimwi, wakachukua bonde lake na kinu chake. Kila mavuno, mtama wa kwanza ulitwangwa ndani ya kinu hicho, ngoma arobaini zikirindima mpaka mtu asisikie sauti yake mwenyewe. Mwaka mmoja mvua ikazilowesha ngoma zote, zikalegea, zisilie. Mfalme akaamuru mtama utwangwe hivyo hivyo. Zamu ilikuwa ya msichana mmoja, Mkasiwa.

Akapiga mchi. Kinu kikasema, "Polepole, jirani."

Akapiga tena. "Polepole, jirani, unatuumiza."

Akapiga mara ya tatu. Unga ukatoka mwekundu, kinu kikalia: "Hapakuwa na zimwi! Tulikuwa watu. Wazee wenu walikuja kuomba mbegu, tukawapa. Wakarudi na mikuki."

Mkasiwa akamgeukia bibi yake. "Bibi, kinasema uongo, sivyo?"

Bibi akatazama chini. "Mjukuu wangu, kwani ulidhani ngoma zote zile zilikuwa za nini?"

Mfalme akafoka, "Anikeni ngoma juani, upesi!"

Mkasiwa akaweka mchi chini, akapiga magoti, akatega sikio kinuni. "Nitajieni majina yenu," akasema.

Wakaanza kuyataja, naye akiyarudia moja moja kwa sauti. Walikuwa wamefika nusu, ngoma zilipokauka, zikarindima tena.

Nami ninayewasimulia nimerithi hiyo nusu tu.