Ungo Usio na Pembe

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, kale hasa, Mbogo alikuwa mkuu wa wanyama. Alikuwa na pembe mbili. Kubwa! Alizipenda mno, hata akatoa amri: "Katika nchi yangu, kila kitu kiwe na pembe. Kisicho na pembe, motoni!"

Akaanza ukaguzi, wanyama wakimfuata nyuma. Du! Du! Du!

Akafika jikoni kwa Swala. Akaona mafiga. Hesabuni nami, watoto: moja, mbili, tatu. "Pembetatu," akasema Mbogo. "Safi."

Akaona mkeka. Pande mbili ndefu, pande mbili fupi, pembe nne. "Mstatili. Safi."

Akaona leso ya mkononi. Pande nne, zote sawasawa. "Mraba. Safi sana!"

Akafika kwa Mnana, ndege msusi. Mnana alikuwa amemaliza ungo mpya wa ukindu. Mbogo akauzungusha. Akauzungusha tena.

"Pembe ziko wapi?"

"Hazipo, Bwana Mkubwa. Hili ni duara."

"Zitie nne! La sivyo ungo motoni, na wewe na makinda wako mhame mti huu leo hii."

Makinda wakalia, chwi! chwi! Mnana akatetemeka miguu. Lakini akasema, "Sitii."

"Unasemaje?"

"Sitii hata moja! Kalitie jua pembe kwanza, halafu uje kwangu!"

Wanyama wakaangua kicheko. Mbogo akafoka: "Swala! Ungo wangu!"

Swala akakimbia, akaleta ungo wa pembe nne aliomsukia bwana wake.

"Basi tupepete," akasema Mnana. "Wangu ukishindwa, nautia motoni mwenyewe."

Wakapepeta. Pe! pe! pe! Kwa Mnana, mtama ukazunguka, makapi yakaruka, fyuu! Kwa Mbogo, makapi yakakimbilia kwenye pembe, yakajibanza. Akatikisa. Wapi! Akagonga kwa kwato. Wapi! Kwa hasira akaubugia mtama vivyo hivyo, na makapi yake. Makapi yakamkaba koo. Kho! kho! kho!

"Maji!"

"Amri kwanza," akasema Mnana.

"Nimeifuta! Kho!"

Mnana akampa maji kwa kata. Na kata nayo haikuwa na pembe.

Sikieni, wadogo kwa wakubwa: umbo la kitu hufuata kazi yake. Mwenye nguvu akikuamuru uharibu kazi yako nzuri ili ifanane naye, kataa, hata kama miguu inatetemeka.

Ngano yangu imekomea hapo. Wenye pembe na wasio na pembe, karibuni tule.