Msitu wa Mianzi wa Sekinyaga

Hapo zamani, katika nchi ya baridi kule Uhehe, palikuwa na mjane aitwaye Sekinyaga. Mumewe alimwachia msitu wa mianzi juu ya mteremko, na chini ya mteremko huo zilikuwa nyumba za ukoo. Msitu ndio uliowajengea, ndio uliowapa ulanzi, pombe igemwayo kwenye machipukizi ya mianzi, na ndio ulioshika udongo usiwaporomokee.

Msitu ukaugua. Machipukizi yakatoka membamba kama fimbo za kuchungia mbuzi. Udongo ukawa mgumu kama sakafu ya uani, mvua ikinyesha maji yanateleza juu yake na kwenda zake. Sekinyaga alichimba kwa jembe, hakuona hata nyungunyungu mmoja. Usiku ule hakulala vizuri.

Kulipokucha akawaita watu watatu. Wa kwanza Lukelo, mwanawe wa mwisho. Wa pili Sigrada, mke wa mwanawe mkubwa aliyekwisha kufariki. Wa tatu Kasiani, mgema ulanzi, mtu wa ukoo mwingine, aliyegema katika msitu ule tangu enzi za mume wa Sekinyaga.

"Msitu huu ukifa, mlima utatulalia," akawaambia. "Atakayeufufua, utakuwa wake."

Lukelo akateremka bondeni kwa wafugaji. Akawajengea mazizi, akawakatia miiba ya uzio, na ujira wake akaomba samadi. Akaipandisha mlimani kwa punda, na punda alipovunjika mguu, akaipandisha kwa mgongo wake mwenyewe. Mabega yakachubuka, yakapona, yakachubuka tena. Akaimwaga samadi ikiwa bado mbichi, akairundika kwenye mashina.

Machipukizi yakanyauka. Sekinyaga akachuchumaa, akatia mkono ndani ya samadi, akautoa haraka. Ilikuwa ya moto kama uji. Akamtazama mwanawe na mabega yake, akajifuta mkono kwa nyasi.

Sigrada akasema, "Shemeji, samadi iliyobaki nipe mimi."

"Uifanyie nini? Imekwisha kutuua."

"Haijaiva tu."

Akatandika majani makavu ya mianzi, juu yake samadi, juu yake majivu na nyasi, kisha akaanza upya. Akateka maji mtoni, akalowanisha. Akageuza rundo kwa uma wa mti, akalifunika, akalifunua, akaligeuza. Majirani wakamcheka: "Mjane huyu anapika mavi ya ng'ombe!" Yeye akaendelea kugeuza. Rundo likapoa, likawa jeusi, likanukia kama ardhi baada ya mvua. Hapo ndipo alipolitawanya msituni, akatawanya kidogo kidogo. Akakataza mtu yeyote asifagie majani yaliyoanguka.

Masika yakaja. Udongo ukalainika, maji yakaanza kuzama badala ya kukimbia. Sekinyaga akachimba tena, akawaona nyungunyungu wakijipindapinda, akacheka peke yake. Machipukizi yakachomoza manene kama mkono wa mwanamume.

Na watu wakaja na vibuyu. "Kasiani, noa kisu! Machipukizi kama haya yatatoa ulanzi mpaka tuchoke!"

Kasiani akakataa. "Chipukizi ukiligema halikui kuwa mwanzi. Ng'ombe akizaa, kwanza ndama anyonye."

"Utakula nini?"

"Nitajua."

Akaenda kulima mashamba ya watu kwa kibarua. Mkewe akachoka na mboga chungu, akarudi kwa wazazi wake. Masika yaliyofuata watu wakaja tena, wakamtukana, akakataa tena. Machipukizi yakakua yakawa mianzi, mizizi ikashikana chini kama mkeka.

Kisha ikaja mvua ambayo wazee walikuwa hawajaiona. Ng'ambo ya mto mlima ukakatika, ukafukia mazizi na mashamba. Mteremko wa Sekinyaga ukanguruma, ukatikisika, ukasimama.

Mvua ilipokatika, ukoo ukakutana uani kwa Sekinyaga. Naye akatoka na panga la marehemu mumewe, lile la kukatia mianzi. Atakayelipokea, msitu ni wake.

Lukelo akasema, "Mama, bila samadi yangu, Sigrada angeivisha nini? Angegeuza upepo? Tazama mgongo wangu."

Sigrada akasema, "Samadi yako, shemeji, ilikuwa sumu mpaka ilipopita mikononi mwangu. Na mimi, Mama, nikikosa msitu huu nitakwenda wapi? Mume sina, kwetu hakuna aliyebaki."

"Ni wewe uliyekuwa ukizoa majani kila siku ukawashie moto!" Lukelo akadakia. "Miaka yote hiyo udongo ulikuwa unakula nini?"

Ilikuwa kweli.

Kasiani akasema, "Bibi, wao waliulisha msitu, lakini shibe yake wangeinywa watu. Mizizi iliyotushika ni ya machipukizi ambayo sikuyagema. Nimepoteza ndoa."

"Na kabla ya hapo," Sigrada akamjibu, "nani alikuwa akigema mpaka chipukizi la mwisho?"

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Mzee mmoja wa ukoo akasema, "Sekinyaga, wagawie vipande vitatu tumalize."

"Hapana," akajibu. "Enzi za mume wangu, kabla haujabaki wake peke yake, msitu huu uligawiwa yeye na ndugu zake. Kila mmoja akakamua upande wake, akimtazama mwenzake asimzidi. Ndivyo ulivyougua. Juu mtaweka mipaka, chini mzizi ni mmoja."

Akasimama na panga mkononi. Moyo ulimvuta kwa Lukelo, maana alimzaa. Macho yalimwendea Sigrada, maana hakuwa na kwao. Na kila alipotaka kupiga hatua, alimwona Kasiani, ambaye hakuwa mtoto wake wala mkwewe, lakini alilala njaa kwa ajili ya mlima usiokuwa wa ukoo wake. Watu wote wakamngoja.

Basi ninyi mnaonisikiliza: aliyebeba, aliyeivisha, na aliyejizuia, nani alistahili? Panga lile lingekuwa mkononi mwenu, mngempa nani?