Danson ni wa Nani?

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Hawakusema hivyo kwa kuwa kinyozi hana wembe. Wembe anao, tena mkali. Walisema hivyo kwa sababu kisogo chake hakioni, na anayekiona ni yule aliyesimama nyuma yake. Sasa mtu akiambiwa na aliyesimama nyuma kwamba kisogoni pamebaki nywele, naye akajibu kuwa yeye ndiye fundi na wengine ni vichwa tu, utamfanyia nini? Utamwacha aendelee. Ndivyo alivyoachwa Hudson, na laiti angejikata peke yake.

Hudson alikuwa mwanafunzi wa darasa la juu katika shule ya misheni iliyokuwa mlimani, upande wa Ndara, mahali ambapo ukitazama chini unayaona mabati ya stesheni ya Voi yakimetameta. Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Mjerumani viishe. Kijana huyu alijaliwa mwandiko mzuri ajabu, na kwa sababu hiyo Mwalimu Obadiah, aliyelisimamia darasa lao, alimkabidhi gazeti la wanafunzi. Lilikuwa ukurasa mmoja kila wiki, na jina lake lilikuwa Mjumbe wa Kilimani. Tangu siku hiyo Hudson akavimba kichwa, hata kofia ya shule ikawa haimtoshi.

Kulichapa gazeti lenyewe hakukuwa mchezo. Waliandika nakala moja kwa wino mzito wa zambarau, wakailaza juu ya sinia la bati lililojazwa gundi iliyoganda kama uji uliolala, kisha wakabandika karatasi tupu mojamoja na kuzibandua. Kila karatasi ilitoka na maneno yaleyale, hadi wino ulipofifia. Zilipatikana nakala arobaini kwa bahati. Siku za kuchapa, mikono ya Hudson ilikuwa ya zambarau hadi kwenye viwiko, naye hakuinawa upesi, maana alipenda watu waione.

Waliojua kusoma walikuwa wachache, kwa hiyo gazeti lilisomwa kwa sauti. Huko Voi alilisoma kila Ijumaa Bwana Abdulghani, mwenye duka karibu na stesheni, mtu wa pwani aliyependa habari kuliko chai. Mlimani alilisoma Lois, msichana wa darasa hilohilo la Hudson, kila Jumapili watu walipotoka kanisani. Wanawake walimzunguka, wengine wakiwa na mizigo ya kuni vichwani, wazee wakajiegemeza kwenye ukuta. Akimaliza, walimuuliza maswali. Lois aliyaandika maswali yote kwenye karatasi na kumpelekea Hudson Jumatatu.

Unajua Hudson aliifanyia nini karatasi hiyo? Aliifutia wino.

Si kwamba maswali yalikuwa magumu. Wanawake walilalamika kwamba salamu zilikuwa ndefu mno. Gazeti lilianza kwa kumsalimu msomaji, likamsalimu na jirani ya msomaji, likayasifu mapambazuko na umande, na mpaka lifike kwenye habari ya mahindi, nusu ya wasikilizaji wamekwisha kwenda na kuni zao. Lalamiko la pili lilikuwa la majina. Hudson alikuwa amebatizwa miaka miwili tu nyuma, na moto wa dini ulimwaka. Aliona majina ya nyumbani ni ya gizani. Kwa hiyo akiandika kwamba mtu amefiwa, au ameoa, au ameuza ng'ombe, alimwandika kwa jina la ubatizo peke yake. Basi watu wakawa wanasikia habari za akina Hezekiah na Tryphena na hawajui ni akina nani, kumbe ni majirani zao waliokula nao jana.

Lois alimwambia mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili alimwambia kwa ukali. Mara ya tatu alisimama mlangoni mwa chumba cha kuchapia akamweleza kwamba yeye ndiye anayesimama mbele ya watu na kuulizwa, si Hudson, na amechoka kujibu kwamba hajui. Hudson hakuinua hata macho. Alimjibu kwamba gazeti si soko la mboga, kila mpita njia abonyeze nyanya. Lois alitoka akiwa amekunja uso, akipiga hatua kubwa kama mtu anayeua siafu.

Katika wiki hizo ilifika barua kutoka Voi. Aliyeileta alikuwa mchukuzi wa barua za misheni, na aliyeiandika ni mhudumu wa nyumba ya wagonjwa iliyokuwa nyuma ya stesheni. Barua ilisema hivi: kuna mtu aliyechukuliwa kariakoo wakati wa vita kubeba mizigo ya askari, akafika mbali, akaugua, akabatizwa hukohuko akaitwa Danson. Sasa amerejeshwa mpaka Voi akiwa hoi kwa homa na mguu ulioharibika. Jina lake la nyumbani ni Mwandawiro. Mama yake ni Wakesho, wa upande wa pili wa mlima. Anaomba mama yake aje amchukue.

Mtu mwenye akili timamu angeishika njia siku hiyohiyo kumtafuta huyo Wakesho. Hudson alisema gazeti litamtafuta. Akaketi, akaandika. Salamu zilikuwa zimekwisha kula nafasi, na Hudson hakuwa tayari kupunguza umande. Akapunguza habari. Jina la gizani akalifuta. La mama, ambaye hakuwa amebatizwa, akaliacha. Yaliyobaki yakawa haya: "Ndugu yetu mpendwa Danson yu mgonjwa huko Voi, na mama yake mpendwa anaombwa aende kwake." Barua akaitia katika sanduku, akaifungia.

Wakesho naye alikuwepo Jumapili hiyo. Hakuwa mtu wa kanisa, lakini tangu wanaume wa kariakoo waanze kurudi mmojammoja, alivuka mlima kila Jumapili kuja kusikiliza gazeti, akisimama nyuma kabisa na shuka lake la kaniki. Mwanawe alichukuliwa miaka minne nyuma na hakuna aliyemletea habari zake. Alivumilia salamu zote. Aliposikia habari ya Danson alisikitika kwa moyo wote, akamuuliza Lois: Danson huyu ni wa nani?

Lois hakujua. Alimuuliza Hudson, naye akamjibu kwamba mama yake atajijua. Tangazo likatoka tena wiki ya pili, vilevile, neno kwa neno. Safari hii Wakesho alikasirika. Aliwaambia wenzake kwamba huyo mama wa Danson ni mwanamke wa namna gani, mwana anamwita naye amekaa tu nyumbani anapika. Yeye angekuwa ameitwa, alisema, angeshuka Voi kwa magoti.

Jumapili ya tatu tangazo likasomwa tena, na Wakesho akauliza tena, na maji yakamfika Lois shingoni. Hakumwendea Hudson. Alikwenda moja kwa moja chumba cha kuchapia, akalibeba lile sanduku la barua, akalipeleka kwa Mwalimu Obadiah na kumwomba alifungue. Mwalimu alimwita Hudson alete ufunguo. Barua ilitolewa mbele ya wote watatu, na Lois akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye jina Mwandawiro, Hudson alikuwa bado anajitetea. Alipofika kwenye jina Wakesho, Lois aliitupa barua chini akatoka mbio, maana yule mama alikuwa bado pale nje, akijitwika mzigo wake aondoke.

Hayo yaliyofuata hayasimuliki kwa raha. Wakesho aliambiwa, akasimama, mzigo ukadondoka wenyewe. Kisha akauliza jambo moja tu, kama ni wiki ya tatu kweli. Waliteremka Voi jua likiwaka utosini, mama mbele, Lois na Hudson nyuma, na Mwalimu Obadiah ndiye aliyemwamuru Hudson aende.

Kitanda kilikuwa kitupu. Mhudumu aliwaelekeza kwa Bwana Abdulghani, na Bwana Abdulghani alipowaona alivua kofia yake ya kudarizi akakuna kichwa. Alisema kijana alipata nafuu, akawa anajikongoja na fimbo mpaka barazani kwake kusikiliza gazeti. Alilisikia tangazo lake mwenyewe mara tatu. Kila mara aliitazama njia ya mlimani, maana alijua barua yenye majina yote ilikwisha kufika misheni. Jana asubuhi alisema, "Nyumbani wamenisikia, wamenyamaza," akapanda gari la moshi la kwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Mombasa ni kubwa, na hakusema atafikia kwa nani.

Wakesho aliketi chini, palepale kwenye vumbi la mlango wa duka. Hakulia. Alimgeukia Hudson.

"Mwanangu," alimwambia, "wiki tatu nimesimama pale nikilisikia jina la mwanangu, nikalipita kama la mgeni. Nikamtukana mamake. Nimejitukana mwenyewe mbele za watu. Niliuliza ni wa nani. Ulishindwa nini kunijibu?"

Yule bingwa wa mapambazuko na umande alikosa hata neno moja. Machozi yakamtoka mbele ya wateja.

Bwana Abdulghani hakuwa mtu wa kuacha kidonda bila kukitia chumvi. Alimkumbusha kwamba hata watu wa Voi waliuliza kuhusu yale majina ya ubatizo, naye akamtumia maneno na mchukuzi wa barua mara mbili, hakujibiwa. "Machozi hayamrudishi mtu," alisema. "Kalamu unayo. Andika tangazo jingine, na leo hutaandika peke yako."

Akamletea karatasi na wino. Wanawake waliokuja kununua chumvi wakaitwa, wapakuzi wa mizigo wa stesheni wakaitwa, na Hudson akaketi katikati yao. Aliandika mstari wa kwanza, akausoma. Ulianza na salamu. Wakamkatiza kabla hajafika katikati. Akaandika tena, akasoma. Mwanamke mmoja akamuuliza "ndugu yetu" ni ndugu wa nani. Akakata. Mpakuzi mmoja akasema akina Mwandawiro ni wengi, wapo wawili katika kundi lake peke yake, basi atajwe mama, na upande wa mlima, na kariakoo, na mguu mbovu. Hudson aliyaandika yote, akasoma, na hapo Wakesho mwenyewe akanena kwa mara ya kwanza tangu waanze kuandika. Alisema lisiseme mama anamwita, kwa sababu atadhani ni maneno ya watu. Liseme kwa nini hakuja.

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu sababu ilikuwa Hudson. Alikaa na kalamu mkononi, jasho jembamba likimtiririka. Mara mbili alitafuta njia ya kulizunguka, na mara mbili wakamwambia hawajaelewa. Mara ya tatu wakaelewa:

"Mwandawiro wa Wakesho, wa mlimani Ndara, uliyekwenda kariakoo, mwenye mguu mbovu. Mama yako hakujua Danson ni wewe. Mwandishi alilificha jina lako. Kosa ni la mwandishi. Mama yako yuko Voi, dukani kwa Abdulghani, anakungoja."

Hakuna aliyesifu mwandiko. Walisema tu kwamba sasa wamesikia. Hudson na Lois walirudi kuchapa jioni hiyohiyo, nakala arobaini, hakuna salamu hata moja. Kesho yake wapakuzi walizigawa kwa watu wa gari la moshi, wakaombwa wazisome katika kila stesheni hadi bandarini. Wakesho alikataa kurudi mlimani. Mke wa Bwana Abdulghani, Bi Zaitun, alimpa mkeka na sehemu ya kulala, na kila gari likiingia alikwenda kusimama kando ya reli.

Gari la kwanza likaja, na la pili, na wiki ikaisha. Hudson aliteremka kila siku baada ya masomo. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemshukuru. Alisimama hatua chache nyuma ya yule mama, na gari likiondoka alirudi kupanda mlima.

Siku ya kumi na moja alishuka mtu mwenye fimbo. Alikuwa amekonda hata koti lilimwelea mwilini, na mkononi alikuwa na karatasi yenye maandishi ya zambarau, iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Wakesho hakukimbia. Alisimama pale alipo akamwita kwa jina lake la nyumbani, mara moja tu, na yule mtu akaiacha fimbo ikaanguka.

Baadaye, walipokwisha kuketi barazani, Mwandawiro aliuliza aliyeliandika tangazo lile ni nani. Walimwonyesha Hudson. Akamtazama, akamwambia kwamba lile la kwanza alilisikia mara tatu akadhani limeandikwa na mtu asiye na mama. Hudson aliinamisha kichwa. Alijibu kwamba la kwanza aliliandika yeye, na la pili waliliandika watu waliokuwa wakimsikiliza.

Tangu wiki hiyo karatasi ya Mjumbe wa Kilimani haikulazwa juu ya gundi kabla haijasomwa kwa wanawake wa kuni na kwa wapakuzi wa Voi, na walipouliza, alifuta akaandika upya, hata kama alikuwa amenuna. Wala mtu asiseme kwamba Hudson hakuwa na mwandiko mzuri. Alikuwa nao tangu mwanzo, na ndio uliomponza, kwa maana kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.