Kufuli Alilochagua Mzee Kibwana

Mkaa wa Sikudhani ulikuwa ukipungua bandani, na mwenye nyumba wake, Mzee Kibwana, alisikitika kuliko mfiwa. Akaamuru banda la uani litiwe kufuli, na ufunguo wa pili akae nao yeye, kwa usalama.

"Basi nichagulie wewe, baba," alisema Sikudhani. "Mimi nitajulia wapi makufuli?"

Mzee alizunguka madukani akiyapima mkononi kama anayenunua dhahabu. Akaleta zito, lisilokatika kwa msumeno, linalojifunga ukilibana tu. Huruma iliyoje.

Ijumaa Sikudhani aliaga kwamba anakwenda msibani. Mzee akafungua banda, akaliacha kufuli likining'inia kwenye komeo, akaingia na gunia lake. Nyuma yake mlango ukasukumwa, kufuli likabanwa.

"Sikudhani, nifungulie," alinong'ona. "Ni mimi."

"Mwongo wewe. Mzee Kibwana ni mtu wa heshima, hawezi kuniibia mkaa. Ngoja niwaite majirani waje wamwone mwizi."

"Usiwaite, mwanangu."

"Basi pitisha ufunguo ulionao chini ya mlango."

Ukapita upesi. Mzee alitoka mweusi tii, akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo wangu."

"Ufunguo gani, baba? Huu nimemnyang'anya mwizi."