Kwa Nini Majahazi Madogo ya Mkunguni Hayana Macho

Mgeni akiingia nyumba yoyote ya Mkunguni, hakosi kuona jahazi dogo la mbao kwenye kidaka, kile kishimo cha ukutani tunachowekea vitu vya thamani. Atalishika, atalipindua, atalisifia matanga, kisha atauliza lile swali lao wote: mbona fundi amesahau macho? Maana majahazi yetu makubwa yana macho kule mbele, moja kila upande, na haya madogo yana kila kitu isipokuwa hayo. Basi nisikilizeni. Na wewe uliyeshika simu, iweke chini, maana mimi sisemi mara mbili.

Zamani haikuwa hivi. Wakati huo mbao zilizotoka mti mmoja zilikuwa bado hazijasahauliana. Ukichonga kiti na mlango katika gogo moja, siku kiti kikivunjika mguu, mlango nao uligoma kufunga. Watu walilijua hilo, wakaishi nalo. Mafundi wa majahazi, wakishaweka vifaa chini alasiri, walikaa barazani kuchonga majahazi madogo kwa kujifurahisha tu, kwa vipande vya mbao walivyookota huku na huku. Hawakuyauza, wala hawakuweza kukwambia yana faida gani. Wake zao walipolalamika kwamba nyumba imejaa maranda, waliambiwa washukuru, wenzao waume zao wanashinda kwenye bao.

Katika mafundi hao alikuwemo Mbwarahaji, mtu mpole wa maneno lakini mkaidi, akishasema lake hashauriki. Yeye na mkewe, Bi Mwanatumu, walijaliwa mtoto mmoja tu, Famau. Famau alipokuwa mtu mzima, baba yake alimuundia jahazi, naye kijana akaondoka nalo kwenda kutafuta maisha. Mbwarahaji hakuweza kufuatana naye, maana gogo lilikuwa limemvunja mguu. Alibaki nyumbani, na nyumba ikawa kubwa mno kwake.

Ili kujiliwaza, akakusanya vipande vilivyobaki vya mbao zile zile za jahazi la mwanawe, akaanza kuchonga jingine dogo, la kukaa mapajani. Alilifuata lile kubwa ubao kwa ubao, kamba kwa kamba. Alipofika kwenye macho, wenziwe wa barazani walimshauri apake chokaa tu, inatosha. Yeye akakumbuka kwamba kile kigamba cha chaza alichokatia macho ya jahazi kubwa kilibaki kipande. Akasema jahazi la mwanawe halivai macho ya kupaka, akayakata humo humo. Yalikuwa mazuri, jamani. Ukipita yanakutazama.

Akaliweka kidakani, mbele ikielekea ndani ukutani, kwa sababu nyuma ndiko alikochonga jina la Famau, na hilo ndilo alilotaka kuliona. Kila siku alivuta kiti chake karibu, akakaa kulitazama huku akikohoa kikohozi chake cha vumbi la mbao. Moyo wake ukatulia kabisa. Ndilo kosa lenyewe hilo, lakini hakuna aliyelijua bado.

Vyombo vilivyoondoka pamoja na Famau vikarudi kimoja kimoja, chake hakirudi. Mwishowe nahodha mmoja akaja kuamkia, akazungukazunguka kwa maneno, hata akalisema alilolijia. Walilikuta jahazi la Famau limesimama katikati ya bahari, matanga yamejaa upepo, na halisogei hata shibiri. Waliwagawia waliomo maji waliyoweza, nayo hayakuwa mengi. Walijaribu kulivuta, kamba zikakatika. Watu waliomo walisema mbele yao kuna ukuta mweupe, na kulia, na kushoto. Na siku moja, waliapa, mjusi mkubwa kama nyangumi alipita juu ya ukuta ule akala nzi. Nahodha alidhani ni jua limewapanda kichwani.

Bi Mwanatumu alikuwa akimimina kahawa. Kahawa ilijaa kikombe ikamwagika mkekani, naye hakuiona. Alikuwa akitazama kidakani, na juu ya lile jahazi dogo, kwenye chokaa, mjusi alikuwa ametulia zake.

Nahodha alipoaga, Mbwarahaji akainuka na mguu wake ule kwenda kuligeuza. Mkewe akamshika mkono. Alimwuliza, akiligeuza litaona nini? Chumba. Liende wapi, chini ya kitanda? Mzee akasema basi atalipeleka majini. Mkewe akamwambia wimbi la kwanza litalipindua, na Famau pamoja nalo. Mzee akakaa chini akalia, wala hakujificha. Njia iliyobaki wote wawili waliiona.

"Nikiyang'oa macho haya, na la mwanangu likapofuka je?" akasema.

"Jahazi la Famau lina macho yake," Bi Mwanatumu akamjibu taratibu. "Haya uliyaweka ili wewe umwone."

Mbwarahaji akaliteremsha jahazi dogo mapajani. Alichukua patasi yake ndogo. Akang'oa la kulia, kisha la kushoto. Akangoja. Hapakuwa na kishindo wala dalili. Siku zilizofuata alishinda na vile vigamba viwili kiganjani, chakula kikipoa mbele yake, asijue kama amemwokoa mwanawe au amemuua.

Jahazi likaja asubuhi moja watu wakiwa sokoni. Famau alishuka mdomo umepasuka kwa kiu, amekonda, yu hai. Alisimulia jinsi ukuta wa kulia ulivyoanguka kama pazia, kisha wa kushoto, na upepo ukawanyakua. Halafu akamgeukia mzee.

"Lakini baba," akasema, "muda wote ule, nyuma yetu kulikuwa na mtu anakohoa kama wewe. Nikigeuka, simwoni."

Mzee alimkumbatia. Na Famau aliposhiba na kupona na kutaka kuondoka tena, baba yake mwenyewe ndiye aliyemfungulia kamba.

Na tangu siku hiyo, fundi wa Mkunguni akichonga jahazi dogo huweka mlingoti, usukani, hata ndoo ya kutekea maji ndogo kama ukucha, lakini pale pa macho hupapiga msasa pakawa laini, akapaacha. Wageni husema tumesahau. Hatukusahau. Mtazame mzazi yeyote hapa ambaye mwanawe yuko mbali: akipita penye kidaka hupapapasa pale kwa kidole gumba, ndiyo maana majahazi ya nyumba nyingine yanang'aa pale kuliko kwingine kote. Halafu, akiona mjusi ukutani, humfukuza.